Mpima Mvua wa Bwera na Safu ya Maelezo

Katika fomu ya mvua iliyotumwa kila mwezi kutoka Bwera kwenda ofisi ya Kasese, safu ya mwisho upande wa kulia ilikuwa ya maelezo. Safu nyingine zote zilikuwa za tarakimu. Kwa miaka minane Sosthène Katembo alizijaza tarakimu hizo kwa uaminifu, na hazikumletea shida yoyote. Safu ile moja ya maneno ndiyo iliyokaribia kumpoteza.

Habari hizi nilisimuliwa na binti yake, Laurentine, na nyingine nilizisikia kwa Sosthène mwenyewe alipokuwa tayari kuzicheka.

Sosthène alizaliwa katika milima ya Butembo, upande wa pili wa mpaka. Ujanani alifanya kazi kwenye shamba la kahawa la Wabelgiji, na huko ndiko alikofundishwa kupima mvua. Mwaka 1964, vita vya waasi vilipofika kwao, alivuka mpaka wa Mpondwe kuja Bwera pamoja na mkewe Martine, mtoto mmoja na godoro moja. Miaka miwili baadaye serikali ilimletea bwana shamba wa Bwera chombo cha shaba ambacho hakuna aliyejua matumizi yake. Wengine walidhani ni cha kukorogea pombe. Sosthène alikitazama akacheka.

"Hii miye naijua," alisema. "Ni ya kukamata mvua."

Akaajiriwa siku hiyo hiyo.

Chombo chenyewe ni rahisi. Ni mtungi mwembamba uliofukiwa nusu ardhini, wenye faneli mdomoni na chupa ndani. Mvua huingia kwenye faneli na kukusanyika chupani. Kila siku saa tatu asubuhi mpimaji humimina maji hayo katika bilauri ndefu ya kioo yenye mistari, husoma milimita, huandika kitabuni, kisha huyamwaga. Mwisho wa mwezi hunakili tarakimu zote katika fomu, hutia fomu ndani ya bahasha ya kaki, na basi huipeleka Kasese.

Mwaka wa pili bilauri ilipasuka mdomo. Sosthène aliandika barua makao makuu kuomba nyingine. Kwa kuwa alikuwa mtu wa vipimo, kabla ya kuituma aliipima kwenye mizani ya dawa ya zahanati ya misheni: gramu nane. Baada ya miezi saba barua ilirudi imefungwa pamoja na barua nyingine kumi na moja, ambazo maofisa waliandikiana wao kwa wao, na juu yake kipande cha karatasi kilichosema: "Pitishia Kasese." Akaipima tena. Gramu mia mbili na kumi. Hakuna hata gramu moja ya kioo.

Akaomba kupitia Kasese, katika safu ya maelezo. Mwezi wa kwanza, kimya. Mwezi wa pili, kimya. Baada ya mwaka mzima akawa na dhana kwamba Kasese hakuna mtu anayesoma. Tulivyofundishwa shuleni, dhana hupimwa kwa kupewa nafasi ya kushindwa, na Sosthène, ambaye hakufika shule ya sekondari, alilijua jambo hilo vizuri kuliko sisi. Machi 1971 aliandika katika safu ya maelezo: "Tarehe tisa mvua imenyesha kutoka chini kwenda juu, milimita tatu. Naomba maelekezo."

Hakuna aliyemwelekeza.

Aprili aliandika kwamba maji ya mvua yalikuwa makavu. Juni aliandika kwamba, kwa kukosa bilauri, mvua ya wiki mbili imepimwa kwa kijiko cha mkewe, na kijiko kimeomba kupandishwa cheo. Martine, aliyekuwa akipepeta mtama mlangoni, alimsikia akicheka peke yake.

"Baba Laurentine, iko unaandika nini tena?"

"Naongea na buro ya Kasese."

"Buro iko inajibu?"

"Hapana mutu anasomaka, Mama Laurentine. Ndiyo nataka kuhakikisha."

"Na siku mutu atasoma?"

"Basi nitapata bilauri."

Martine aliendelea kupepeta. "Siye tuko wageni hapa," alisema. "Mugeni hachekake na karatasi ya serikali."

Maneno hayo yalikuwa ya haki. Miaka ile ya serikali ya kijeshi, kila aliyekaa karibu na mpaka alitazamwa kwa jicho la pembeni. Kahawa ilivushwa kwa magendo, milimani walikuwako watu waliojitangazia utawala wao, na mkimbizi aliyepandishwa gari la jeshi hakuulizwa habari zake tena. Kitu pekee kilichomlinda Sosthène na familia yake kilikuwa kadi yake ya ukimbizi, kipande cha karatasi ngumu alichokiweka ndani ya Biblia.

Oktoba 1974 aliandika maelezo marefu kuliko yote. Bwana shamba alikuwa ameomba mbegu za pamba Kasese, na jibu lilikuja baada ya siku mia na ishirini, pamba ya majirani ikiwa imeshachanua. Sosthène alikokotoa: kwenda na kurudi ni kilomita mia moja na kumi, kwa hiyo barua ilitembea mita thelathini na nane kwa saa. Kisha akamweka konokono kwenye ngazi ya saruji, akashika saa ya bwana shamba. Konokono alitembea mita hamsini kwa saa, bila hata kuharakishwa. Ndipo akaandika: "Konokono wa Bwera wako tayari. Wana mwendo wa hamsini. Waajiriwe upesi." Na chini yake, kwa sababu tarehe kumi na nne wingu zito lilitanda likaondoka bila kitu: "Tarehe 14 mvua ilikataa kushuka. Imerudi mlimani kungoja maagizo ya Kasese."

Akaifunga bahasha kwa gundi.

Wiki ya pili ya Novemba alikuta waya wa uzio wa kipimamvua umekatwa. Ndani ya uzio kulikuwa na alama za buti kwenye tope, zimezunguka mtungi mara tatu. Faneli ilikuwa imegeuzwa. Alipima alama ya buti kwa rula: sentimita thelathini na moja. Bwera hakukuwa na raia mwenye buti la ukubwa huo.

Siku iliyofuata, alipokuwa akiandika milimita, alihisi anatazamwa. Katika migomba ng'ambo ya barabara alisimama mtu asiye na jembe wala panga. Kesho yake mtu huyo alikuwako tena. Jirani aliyezoea kumsalimu alipita ameinamisha kichwa. Hata bwana shamba alianza kuzungumza naye akiwa mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje. Sosthène naye akaanza kuwashuku wote. Nani amesema? Na amesema nini, ikiwa tangu 1966 hakuna alichofanya ila kupima maji?

Siku ya tatu gari la jeshi likasimama mbele ya nyumba yake. Akashuka Sajini Sulaiti, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, aliyesimamia kizuizi cha barabarani. Mkononi alishika bahasha ya kaki. Sosthène aliijua papo hapo. Mifuko ya posta ilikuwa imeanza kufunguliwa kizuizini ili kutafuta barua za magendo, na fomu yake ilikuwa ndani.

Hapa pana jambo ambalo Sosthène alilielewa baadaye. Fomu yote ilichapwa kwa Kiingereza, na sajini hakusoma Kiingereza. Alisoma Kiswahili. Kwa hiyo katika karatasi nzima, mistari pekee aliyoweza kuisoma ilikuwa ile ya utani.

"Kaa chini," sajini alisema. Sosthène akakaa chini. "Konokono ni nani?"

"Afande, ni konokono tu. Ya majani."

"Mimi nauliza, wewe najibu vizuri. Konokono ngapi?"

"Moja, afande."

"Hapa umeandika 'wako tayari'. Moja nakuwa 'wako'?" Aligonga karatasi kwa kidole. "Mwendo hamsini. Hamsini ni watu ao bunduki?"

"Ni mita, afande. Nilipima na saa."

"Na mvua imerudi mlimani kungoja maagizo. Mlimani kwa nani?"

Kwa mara ya kwanza Sosthène aliyasikia maneno yake kama mtu mwingine anavyoyasikia, na hata yeye yalimtia shaka.

"Lete kitabu," sajini alisema.

Alikipekua kitabu cha mvua taratibu, akasimama kwenye ukurasa mmoja. "Hii mvua kubwa ya Oktoba, milimita arobaini na moja. Umeandika Jumatatu. Ile mvua ilinyesha Jumanne alfajiri. Mimi nilikuwa kizuizini, nililowa mpaka ndani ya buti."

"Ni kweli, afande. Lakini nilipima Jumanne saa tatu. Maji ya saa tatu inaandikwaka siku ya nyuma."

"Nani nasema?"

"Ni sheria. Dunia yote inafanya vile."

"Dunia yote!" Sajini alimgeukia askari wake. "Nasikia? Huyu iko na mawasiliano na dunia yote."

Martine alisimama mlangoni, mikono imeshika kanga. Sajini alidai kadi ya ukimbizi, na Martine mwenyewe ndiye aliyeitoa ndani ya Biblia. Sajini aliitia katika mfuko wa shati na kufunga kifungo.

"Tunaenda Kasese," alisema. "Mimi nataka huyu mkubwa natoa maagizo. Baadaye, kambini, wote wawili."

Njia yote, toka Bwera hadi barabara ya lami na kuendelea kaskazini, Sosthène alikaa nyuma kati ya askari wawili na kufikiri jinsi ya kujiokoa. Njia ilikuwa moja tu: ithibitike kwamba Kasese hakuna aliyewahi kusoma maelezo yake. Ujumbe usio na msomaji si ujumbe. Uzembe wa ofisi, ambao kwa miaka alikuwa ameudhihaki, sasa ndio aliouombea uwe kamili.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye meza, kabati la chuma na dirisha lililozuiliwa na jiwe lisifunguke. Karani, Bwana Tibenderana, alivaa tai hata siku ya joto. Alipoona buti mlangoni aliinuka upesi hata kiti kikaanguka.

"Wewe ndiye napokea fomu ya mvua ya Bwera?" sajini aliuliza.

"Ndiyo, bwana afande. Kila mwezi, bila kukosa."

"Nasoma?"

Sosthène alimtazama karani machoni, akatikisa kichwa kidogo sana. Tibenderana hakumwelewa. Aliona mbele yake askari anayekagua kazi, na karani anayekaguliwa ana jibu moja tu.

"Nasoma zote, bwana afande. Neno kwa neno."

"Bwana Tibenderana," Sosthène alisema, "labda kazi iko mingi, unarukaka zingine..."

"Sijaruka hata moja!" Tibenderana alimkunjia uso. "Wewe mzee unataka kuniharibia jina? Nasoma, natia sahihi, natuma mbele."

"Na maelezo?" sajini aliuliza. "Ile ya pembeni?"

"Hasa ile. Maelezo ndiyo moyo wa fomu."

Sosthène alifumba macho.

Sajini alitoa fomu ya Oktoba, akaisoma kwa sauti, pole pole, kama mtu anayesoma amri: konokono wako tayari, waajiriwe upesi, mvua imerudi mlimani kungoja maagizo ya Kasese. Jasho lilimshuka karani kwenye kola.

"Basi wewe najua konokono," sajini alisema. "Umesoma maelezo yake miaka minane, hukuripoti hata siku moja. Maagizo natoka kwako. Chukua koti, tunaenda."

"Afande, hapana, subiri..."

"Umesema nasoma neno kwa neno."

"Nilisema, lakini..." Tibenderana alitazama mlango, akatazama kabati, akamtazama Sosthène. "Mzee, mwambie! Umewahi kupata jibu kwangu? Hata moja?"

"Hapana," Sosthène alijibu haraka. "Hata moja. Hata bilauri."

"Labda najibu kwa siri," sajini alisema.

"Sikusoma!" Tibenderana alipaza sauti hata watu wa ofisi jirani wakanyamaza. "Sijasoma hata moja, bwana afande! Wakubwa waliniambia nipokee. Kupokea nimepokea. Hawakuniambia nifungue!"

Alichomoa funguo mfukoni, akafungua kabati la chuma. Bahasha za kaki zilikuwa zimepangwa humo vizuri sana, mwaka kwa mwaka, kila fungu limefungwa kwa uzi mwekundu. Zote zilikuwa zimebandikwa, gundi ya Sosthène bado haijaguswa. Fungu la 1968 lilikuwa limetafunwa pembeni na panya, ambaye kwa hiyo ndiye peke yake aliyezishughulikia.

Sajini hakucheka. Alichukua bahasha moja, akaishika kwenye mwanga wa dirisha, akakagua mikunjo kama imewahi kufunguliwa kwa mvuke. Akachukua nyingine. Kisha akavuta kiti kilichoanguka, akaketi, akaanza kuzichana.

Alisoma kwa saa nzima. Alisoma mvua iliyonyesha kwenda juu. Alisoma maji makavu. Alisoma kijiko kilichoomba cheo, na hapo akamtazama Sosthène kwa muda mrefu. Akasoma, katika fomu moja baada ya nyingine: "Bilauri imepasuka mdomo. Naomba nyingine." "Nimeziba bilauri kwa nta ya nyuki. Naomba nyingine." "Kama kuna mtu anasoma hapa, naomba aandike ndiyo tu. Bilauri si lazima."

Hiyo ya mwisho aliisoma mara mbili, midomo ikitembea.

"Miaka minane," sajini alisema hatimaye. "Wewe naandikia kabati."

"Ndiyo, afande."

"Kwa nini huachi?"

"Mvua haikuacha, afande."

Sajini alisimama. Alimwambia Tibenderana kwamba atarudi, bila kumwambia lini, na nadhani hiyo ilikuwa adhabu ya kutosha. Sosthène alirudishwa Bwera gari lile lile, lakini safari hii alikaa mbele. Kadi haikutoka mfukoni.

"Karani ni mvivu, hiyo nimeona," sajini alisema walipofika. "Lakini wewe bado sijui. Mtu naweza kuwa na karani mvivu na bado akawa mwongo. Kesho nakuja kutazama hii maji na macho yangu. Kama kitabu nasema kweli, unapata kadi. Kama nasema uwongo, unajua."

Jioni hiyo na usiku kucha mvua ilinyesha. Martine alilala na nguo, mizigo miwili imefungwa karibu na mlango.

Saa tatu kasoro dakika tano sajini alikuja kwa miguu, peke yake. Waliingia ndani ya uzio. Sosthène alitoa chupa, akamimina maji kwenye bilauri yenye nta mdomoni, akaiweka juu ya jiwe bapa alilokuwa akilitumia tangu mwanzo. Alijishusha mpaka chini, akatazama.

"Kumi na moja," alisema.

Sajini alitazama akiwa amesimama, mikono nyuma. "Kumi na tatu."

Sosthène aliinua macho. Ng'ambo ya barabara watu wawili walisimama na majembe yao, na jirani asiyemsalimu alikuwa mmoja wao. Mlangoni kwake alimwona Martine. Milimita mbili zilikuwa kitu kidogo. Angeandika kumi na tatu, sajini angefurahi, kadi ingetoka, na mvua isingelalamika.

"Nasema kumi na tatu," sajini alirudia. "Wewe naficha mbili?"

"Hapana, afande." Sosthène alionyesha mstari kwenye kioo. "Ukitazama kutoka juu, macho inapanda juu ya mustari. Inakudanganya. Jicho ni lazima iwe sawasawa na maji."

"Sawasawa namna gani?"

"Kwa magoti, afande. Maji hii inasomwaka kwa magoti. Hata yule Mubelgiji alikuwa anapiga magoti."

Sajini aliitazama suruali yake iliyopigwa pasi. Akatazama tope. Akatazama barabarani, ambako wale watu wawili ghafla waliona ni vyema kulima. Alivua kofia, akaishika kwapani, akashusha goti moja, kisha la pili, mpaka uso wake ukawa mbele ya bilauri, karibu kiasi kwamba pumzi yake ilitia ukungu kwenye kioo. Akaufuta kwa kidole. Akangoja maji yatulie.

Alikaa hivyo muda mrefu, jicho moja limefumbwa.

"Kumi na moja," alisema kwa sauti ya chini.

Kisha, akiwa bado amepiga magoti, alifungua kifungo cha mfuko wa shati.